Marahaba, sensei

Mwanzi ulimpata kwenye kigimbi. Haukuwa wa nguvu. Ulilia tu, mlio mkavu, na mzee wa watu akashusha nyonga, akapanua miguu, akajibu kwa sauti ya kifuani: "Osu!"

Nusu saa kabla, pale nje tulipokuwa tunavua viatu, mzee huyo nilimwamkia shikamoo. Kichwa chake ni mvi tupu. Aliyemchapa, kwa kumkadiria, hajafikisha miaka thelathini.

Ilikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya msingi hapa Dar es Salaam, darasa la karate la jioni, siku ya kujaribu bila malipo. Mimi nilikuwa mstari wa nyuma, nimevaa trakisuti na fulana ya mikono mirefu, ushungi nimeuchomekea ndani ya kola, miguu peku juu ya saruji. Tulikuwa kwenye kiba dachi: umekaa juu ya farasi, farasi hayupo, na mapaja yanawaka moto. Sensei, yaani mwalimu, akawa anapita katikati ya mistari na mwanzi wake, taratibu, bila kusema neno. Alipokaribia mstari wetu mgongo wangu ulinyooka wenyewe.

Na nikajisikia vizuri.

Hilo ndilo lililonikaa rohoni wiki hadi wiki. Kukasirika kwa sababu mzee kachapwa ningekuelewa. Ningerudi nyumbani nikasimulia, yakaisha. Lakini ule mgongo? Nimevuka arobaini, nina watoto, kazini kuna watu wanaosubiri saini yangu ndipo walipwe. Ilikuwaje mwili wangu ulipouona mwanzi ukatulia, kana kwamba umefika mahali unapopafahamu?

## Unataka kumpiga nani?

Wifi yangu ndiye wa kwanza kuniuliza, na tangu hapo kila mtu ananiuliza hivyo hivyo. "Unataka kumpiga nani?"

Jibu lilibadilika kulingana na muulizaji. Daktari, ambaye hakupendezwa na presha yangu, nilimwambia nataka mazoezi. Mume wangu nilimwambia ni mgongo, maana uhasibu ni kazi ya kukaa na kuinama. Ofisini nilisema kujilinda, kwa sababu hilo halizai maswali. Kila mtu ana kisa chake cha vishandu, simu imenyakuliwa mkononi ndani ya bajaji, mkoba umeondoka na pikipiki.

Hilo la kujilinda ndilo nililoanza kulitilia shaka. Kishandu anakuja kwa nyuma, na ukishtuka ameshafika taa za mbele. Hakuna teke la kumuwahi. Na lile ambalo mwanamke huliogopa kikweli mara nyingi hufanywa na mtu anayemjua, ndani ya nyumba anayoijua, na huanza kwa maneno. Kwa hiyo mwalimu akiniambia kwamba baada ya miezi mitatu nitaweza kuwalaza wanaume watatu, namuaga kwa adabu. Yupo mmoja, gym ya ghorofani, alinionyesha namna ya kumpokonya mtu kisu. Kisu kilikuwa cha plastiki, na mshikaji alikuwa mwanafunzi wake, amesimama kanyoosha mkono akisubiri kupokonywa.

Niliendelea kutafuta. Taekwondo niliipenda kwa macho, nyonga zikakataa. Jiu-jitsu ya Kibrazili niliikuta upande wa Masaki, watu wazuri, mkeka mzuri, kiyoyozi kizuri, na ada ya mwezi iliyonifanya niulize mara mbili kama ni ya mwezi kweli. Ndondi niliiendea chini ya banda la mabati ambako vijana wanaobeba mizigo mchana kutwa huja jioni kuruka kamba, na kocha wa pale aliniambia maneno ninayomshukuru mpaka leo: "Dada, kichwa chako unakitumia kazini. Njoo upige begi, ulingoni usipande."

Mwisho nikajikuta nimerudi kwenye karate. Kwa sensei mwenye mwanzi.

Sikurudi kupeleleza. Nilipenda.

## Kwenye ukumbi huu hakuna mama

Ukianza mambo haya ukiwa mtu mzima, watu wanakuonya kuhusu magoti. Kuhusu shikamoo hakuna anayekuonya.

Nje ya ukumbi, sensei ananiamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, sensei." Tukivuka kizingiti, mimi ndiye ninayeinama, mimi ndiye ninayeitika, na yeye ananiita kwa jina langu kavu, bila mama wala dada, kitu ambacho hata bosi wangu hathubutu. Darasa likiisha tunavuka kizingiti tena, anachukua mkoba wangu na kunisindikiza hadi kwenye bodaboda.

Siku moja nilipangwa na binti wa kidato cha pili, mkanda wa kijani, zoezi la ngumi ya tumbo. Anapiga, nakinga. Ngumi yake ikawa inaishia shibiri moja mbele ya fulana yangu. Sensei akamwambia apige. Akanigusa, akasema "samahani mama". Sensei akaja karibu: "Kwenye ukumbi huu hakuna mama." Binti akafumba macho akanipiga kweli, kisha akashika mdomo kwa mikono yote miwili kama aliyevunja sahani ya wageni. Tulicheka mpaka tukapewa adhabu ya pushapu, na hata katikati ya adhabu aliendelea kuniomba radhi.

Siku zile nilidhani nimepata jibu la ule mgongo. Kwetu umri una kazi. Ukishaitwa mama, au bibie, au mhasibu mkuu, unapewa kiti mbele na hupumziki: unaletewa ugomvi usio wako uuamue, unaulizwa harusi ichangiwe kiasi gani, unatafutiwa sababu ya kuombwa ushauri. Kwenye ukumbi ule, kwa saa moja na nusu, hakuna anayesubiri niamue. Naambiwa simama, nasimama. Naambiwa geuka, nageuka upande usio sahihi, naambiwa geuka tena. Raha yake siwezi kuieleza kwa mtu mwenye miaka ishirini.

Kwa hiyo nikajiambia mgongo ulinyooka kwa furaha ya kutokuwa mkubwa.

Ni kweli kiasi. Haikunitosha.

## Kwenye ngazi

Kilichonitikisa hakikutokea ndani. Kilitokea nje, kwenye ngazi za ukumbi, baada ya darasa.

Watu walikuwa wanavaa viatu. Mmoja akatoa dawa ya kuchua, ile ya kunukia karafuu, akajipaka bega. Akampa wa pembeni yake, naye akakunja suruali akapaka goti. Chupa ikazunguka. Kila aliyeishika alikuwa na pa kuipaka, na kila mmoja akaanza kusimulia: nyonga inanibana tangu mwezi wa Ramadhani, kidole hiki hakikunjiki, mimi mgongo ukipiga hapa siwezi kufunga kamba za viatu. Mzee wa mvi akafungua begi akatoa soksi ya goti iliyochakaa. Alisema anaivua kabla ya kuingia.

"Kwa nini unaivua, baba?"

"Sensei akiiona atasema najidekeza."

Ndani ya ukumbi ule sikuwahi kuona mkono umenyooshwa. Hakuna aliyewahi kusema hapa panauma, nipunguzie. Watu wazima, wengine madereva, wengine walimu, mmoja muuguzi kabisa, wote wanaficha maungo yao kama wanafunzi wanaoficha barua ya kuita mzazi. Na sensei, masikini, anafundisha akiamini ana darasa la watu wazima wenye afya.

Mwanzi hauumizi. Nimeshaupata mwenyewe, kwenye kiwiko, na nathibitisha hauumizi. Kazi yake ni nyingine: unakufundisha kunyamaza. Kijana wa miaka kumi na sita akinyamaza, goti lake litapona kabla ya Ijumaa. Mimi nikinyamaza nitapelekwa kwa daktari wa mifupa.

Nilimuuliza mzee kama haoni tabu kuchapwa na kijana wa umri wa mwanawe. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, mimi bila fimbo sikai sawa. Ndivyo tulivyokuzwa." Halafu akaniambia uzito aliopunguza, na kwamba tangu alipostaafu hapa ndipo mahali pekee anapotegemewa kufika kwa wakati.

Ningemwambia nini?

## Mistari ile ina asili yake

Nikaanza kusoma, kama ninavyofanya kitu kikinikera.

Nilikuwa naamini mpangilio ule, mistari iliyonyooka, mwalimu mbele, kuhesabu kwa pamoja ichi, ni, san, ni wa kale sana, umetoka kwa mashujaa wa zamani. Sivyo. Okinawa ya zamani, visiwa vya kusini mwa Japani ilikotoka karate, mtu alifundishwa na mwalimu wake akiwa peke yake au na wenzake wachache, mara nyingi uani, usiku. Aliyeipeleka darasani ni Itosu Anko, mwanzoni mwa karne ya 20, ilipoingizwa katika shule za Okinawa kama somo la viungo. Mwaka 1908 aliandika barua kwa wakuu wa elimu akitetea somo hilo, na mojawapo ya faida alizozitaja ni vijana watakaokuja kuwa askari. Ili kuwafaa watoto wa shule alitunga kata, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa, fupi na za hatua kwa hatua. Ndizo hizo ambazo kwenye Shotokan, mtindo wa karate tuliofundishwa, tunaziita Heian. Heian Shodan, kata ya kwanza niliyofundishwa mimi na presha yangu, ilitungwa kwa ajili ya watoto wa shule.

Funakoshi Gichin, aliyeionyesha karate Tokyo mwaka 1922 ikaenea Japani nzima, kazi yake ilikuwa ualimu wa shule. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo mwaka 1882 ndani ya hekalu la Eishoji, kwenye mikeka kumi na miwili na wanafunzi wasiofika kumi, alikuja kuwa mkuu wa chuo cha walimu cha Tokyo kwa miaka mingi.

Walimu wa shule, wote.

Basi mwili wangu haukukosea. Ulitambua gwaride. Ulitambua paredi ya asubuhi, kucha zinakaguliwa, mwalimu wa zamu anapita na henzirani. Nilisoma shule ambayo fimbo iliwekwa juu ya kabati pamoja na globu, na vyote viwili vilishushwa kwa ajili ya jiografia. Kanuni za mwaka 2002 hapa Tanzania zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, na viandikwe kitabuni. Wakenya walivifuta shuleni mwaka 2001. Kanuni zetu hazikumfikiria mzee wa mvi anayelipa ada mwenyewe, kwa hiari, ili achapwe.

Nilichoka kidogo nilipoelewa hivyo. Nilikwenda kutafuta kitu kipya kabisa maishani mwangu, nikachagua kwa furaha kile kilichofanana zaidi na darasa la tano.

## "Wajapani ndivyo wanavyofundisha"

Nilimuuliza sensei. Si mbele ya watu. Nilisubiri tuvuke kizingiti, awe kijana wangu tena.

Hakukasirika. Alisema mwanzi ni desturi, Wajapani ndivyo wanavyofundisha, naye alifundishwa hivyo. Nataka nimtendee haki: ni fundi. Ukimwona anapiga kata unasahau kwamba sakafu ni ya saruji. Na wapo watoto kwenye darasa lile ambao ada yao anailipa yeye, wazazi wao hawajui imelipwa na nani. Mtu mbaya angenirahisishia uamuzi.

Lakini kuhusu Wajapani, nilikuwa nimeshasoma. Sheria ya elimu ya Japani ya mwaka 1947 inakataza kumpiga mwanafunzi. Kwamba waliendelea kuwapiga ni kweli pia, na mwaka 2013 likazuka jambo lililowatikisa: wanawake 15 wa judo wa kiwango cha timu ya taifa walikuwa wamepeleka malalamiko kwenye kamati yao ya Olimpiki kwamba kocha aliwapiga, mara nyingine kwa upanga wa mwanzi, walipokuwa wanajiandaa kwa michezo ya London. Kocha akajiuzulu. Wanawake wale walikuwa miongoni mwa bora duniani. Hakuna wa kuwaambia wanajidekeza.

Nilimsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho. "Lakini mama," akasema, "wale walikuwa wanapigwa kweli. Mimi naelekeza tu."

Tuliagana vizuri. Nilirudi mara chache nyingine, kisha nikaacha. Nilimwambia ana kwa ana, sikupotea kimyakimya kama wengi wanavyofanya. Akaniambia mlango uko wazi, na ninajua uko wazi.

## Sakafu

Judo sikuiwazia. Nilikuwa nayo katika kundi la mambo ya watu wazito.

Tanzania inafahamika kwenye judo zaidi kidogo kuliko wengi tunavyodhani. Andrew Thomas Mlugu aliyebeba bendera yetu kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ni mcheza judo. Zanzibar ina historia yake, kwa Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliyehamia huko na kuanza kuwafundisha vijana. Sensei wangu wa sasa alijifunzia Unguja, ni mtu wa miaka hamsini na kitu, kwa hiyo suala la shikamoo limerudi mahali pake na mimi ndiye ninayeamkia. Nakiri nimepungukiwa kitu hapo.

Jambo la kwanza niliangalia chini. Karate inaweza kufundishwa kwenye saruji, kwenye mchanga wa ufukwe wa Coco, chini ya mwembe, na nadhani ndiyo maana imeenea mitaani kwetu kuliko judo: haihitaji kununua kitu. Judo bila mkeka ni kuvunjana. Kwa hiyo darasa la judo linakueleza mengi kwa mkeka wake tu: kama umetandikwa bila nyufa, kama ncha zimeinuka, kama kuna nguzo ya zege mahali mtu anapoweza kurushwa. Wa hapa umechakaa na una viraka, lakini nguzo zote zimevikwa magodoro hadi kimo cha mtu.

La pili lilinishinda kulikwepa, kwa sababu nilikuwa nimeshaingia kwenye kusoma na sikuweza kuchagua ya kusoma. Judo yenyewe imeua watoto. Katika shule za Japani, tangu 1983, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa kwenye mazoezi na masomo ya judo, wengi kwa majeraha ya kichwa, na wengi wakiwa wapya, mwaka wa kwanza. Mtu anaangushwa kinyumenyume kabla shingo haijajua kazi yake. Wajapani wenyewe mwaka 2022 walifuta mashindano ya kitaifa ya mchezaji mmoja mmoja kwa watoto wa shule za msingi, wakilalamikia wakubwa waliokuwa wanawasukuma watoto kutafuta ushindi kwa gharama yoyote.

Kwa hiyo usinisikie nikisema judo ina upole na karate ina ukali. Nilikuwa nimeogopa zaidi kuliko nilivyowahi kuuogopa mwanzi.

Nilikaa kwenye benchi nikatazama madarasa kadhaa kabla ya kuvua viatu. Ningeshauri kila mtu mzima afanye hivyo, na anayekukataza kutazama amekwisha kukujibu. Sikuwatazama mabingwa. Nilimtazama mtu mpya, kijana mmoja mnene mwenye jasho jingi, nione anapewa nani wa kucheza naye. Alipewa mwenye mkanda wa kahawia, mrefu, ambaye alimwangusha kwa utaratibu, amemshikilia mkono wa gi, vazi la judo, mpaka mgongo ulipofika chini, kisha akasimama akaangushwa yeye. Hakuna aliyemtupa yule kijana ili kujifurahisha. Siku nyingine alikuja mgeni wa kutoka klabu nyingine, ana nguvu na sifa, akaanza kuwarusha wadogo. Sensei hakumgombeza. Alifunga mkanda wake vizuri, akaingia yeye.

## Nani anaumwa leo?

Darasa linaanza kwa swali hilo. Tumekaa kwa magoti, tumeinama, na kabla ya kuinuka sensei anauliza: "Nani anaumwa leo?"

Mara ya kwanza nilisikiliza nikiwa nasubiri mtego. Mkono ukanyooka: bega. Mwingine: sijalala vizuri, mtoto anaumwa. Binti mmoja akasema tumbo, na hakuna aliyecheka. Sensei akampangia kila mmoja cha kufanya na cha kuacha. Ilipofika zamu yangu nilitaka kusema sina kitu. Nikasema goti la kushoto.

"Tangu lini?"

"Muda kidogo."

"Muda kidogo ni lini, mama?"

Basi nikamweleza.

Nilitumia muda mrefu kuanguka tu. Kuchuchumaa na kujilaza, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Halafu kutoka kusimama. Halafu kwa kuvutwa. Watu wazima wanaona aibu kwenye hatua hii na wengi huondokea hapa, wanataka kufundishwa kurusha. Na mimi niliona aibu, hasa siku mume wangu alipokuja kunichukua akanikuta nabingirika. Lakini sasa naanguka bila kufikiri, na hicho, ukiniuliza kuhusu kujilinda, ndicho pekee ninachoweza kukihakikisha: msimu wa mvua nimeteleza kwenye vigae vya ofisi nikatua salama, mbele ya mkurugenzi.

Kuna pia suala la kugonga. Ukikabwa au ukilaliwa na umezidiwa, unagonga mara mbili, mwilini mwa mwenzako au kwenye mkeka, naye anaachia. Papo hapo. Nilidhani nitaona haya kugonga. Kumbe kilichonishangaza ni upande wa pili, kuachia: kijana mwenye nguvu mara tatu yangu, katikati ya joto la mchezo, anafungua mikono kwa sababu nimemgusa kwa vidole viwili.

Kuhusu ushungi, kwa wanaoniandikia: navaa ule wa michezo, wa kuvutika, bila pini hata moja. Pini ndiyo hatari. Mwaka 2012 kulikuwa na mjadala mkubwa London kuhusu Wojdan Shaherkani wa Saudi Arabia, kama aruhusiwe kucheza judo akiwa amefunika kichwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa usalama, kwa vile judo ina kukaba shingo. Akacheza na kofia maalumu. Darasani kwetu suala hilo lilimalizwa kwa sekunde chache, kwa kuulizwa kama ushungi unavuka kichwani na kama nimeshajaribu kubingirika nao.

## Mnacheka sana

Mzee wa mvi nilimkaribisha. Alikuja kweli, kavaa suruali ya kitambaa na shati la kuchomekea, akakaa kwenye benchi langu la zamani, mikono juu ya magoti. Akatazama mpaka mwisho.

"Ni wazuri," akasema tulipokuwa tunatoka. "Ila mnacheka sana."

Nikamuuliza goti. Akasema halijambo. Alikuwa anachechemea. Jumatano iliyofuata alirudi kwa sensei wake, na nasikia hajakosa hata siku moja. Nimejaribu kumhurumia nikashindwa; ana furaha kuliko watu wengi ninaowajua wa umri wake, na mimi siyo niliyetumwa kumrekebisha.

Wanaonisumbua zaidi sasa ni wazazi. Darasa letu linafuatana na la watoto, kwa hiyo nawahi, nakaa nao. Karibu kila wiki yupo anayemsogelea sensei kwa sauti ya chini: "Mwalimu, huyu wangu ni mtukutu, mchape tu, nimekuruhusu." Wanasema kwa upendo kabisa. Baba mmoja alikuja na kiboko chake kutoka nyumbani, amekifunga kwenye gazeti. Sensei alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka nyuma ya kabati la vifaa, ambako naambiwa viko vingine. Nilimuuliza kwa nini asiwaambie wazi kwamba hachapi. Alisema akiwaambia hivyo watawahamishia watoto kwenye madarasa yanayochapa.

Sijui kama nakubaliana naye. Nadhani wazazi wangestahili kuambiwa. Lakini mimi nina darasa la kuhudhuria, yeye ana darasa la kulilinda, na wanafunzi wake wengi wanaletwa na watu walewale waliosoma shule niliyosoma mimi.

Mtihani wa mkanda wa njano uko karibu. Ada yake sijalipa, kwa sababu bado najiuliza mkanda wa njano utanisaidia nini kwa umri huu, na wifi yangu ameshaahidi kuja kupiga picha, jambo linalonipunguzia hamu. Sensei ameniambia hakuna haraka. Anachotaka kabla ya hapo ni mimi niache kutazama miguu yangu kila ninapomshika mtu kola, maana mwenzangu akiona macho yameshuka anajua nimeshaamua nitaingia na mguu gani.